Amana Kwanza, Tiba Baadaye

Nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka baina ya bonde la Ziwa Rukwa kwa upande wa mashariki na Ziwa Tanganyika kwa upande wa magharibi, aghalabu hutajwa na wasafiri kwa baridi yake ya mwezi wa Juni, kwa mahindi, maharage na ulezi wake, na kwa maporomoko ya Kalambo ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Zambia. Na Mwazye, kata iliyomo leo katika Wilaya ya Kalambo, hujulikana mbali zaidi kwa sababu ndiko alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944. Ni nadra mtu kuitaja Mwazye katika mazungumzo ya kompyuta. Walakini ni huko, katika miaka niliyokuwa mwalimu, nilikofundishwa na CD moja iliyokuja kwa posta somo ambalo sikulipata chuoni, nami nimelibeba tangu hapo katika kila kazi niliyopewa: kwamba kitu kilichoharibika hakifai kuulizwa habari za uharibifu wake chenyewe, bali sharti kitazamwe kutoka mahali ambapo uharibifu haukufika, na kwamba kabla ya kukitengeneza chombo cha mtu, ni faradhi kwanza kuiokoa amana aliyoiweka ndani yake.

Nilifika huko nikiwa mwalimu wa hisabati na fizikia, na kama ilivyokuwa ada katika shule za mashambani, mwalimu ajuaye kuwasha kompyuta alihesabiwa kuwa fundi wa kila kompyuta iliyokuwapo katika ujirani ule, ya shule, ya parokia, ya zahanati na ya mfanyabiashara wa mahindi. Nchi yetu ilizipokea mashine hizi kwa hadhari kubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wake, na ingawa marufuku hiyo iliondolewa baadaye, vijijini zilifika zikiwa zimechoka, mtumba wa Ulaya uliokwisha kutumikia ofisi nyingine kwa miaka mingi kabla ya kupakiwa melini. Barabara ya kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa bado ya udongo, na kutoka Sumbawanga hadi kwetu kadhalika, hata kompyuta iliyosafirishwa kwenda mjini kutengenezwa ilirudi na ugonjwa wa pili wa kutikiswa na vumbi juu ya ule wa kwanza. Umeme ulitoka kwenye jenereta iliyowashwa jioni kwa saa chache, dizeli ikiruhusu.

Huko mjini nako, yeyote aliyepeleka mashine kwa tatizo lolote, liwe la kugoma kuwaka, liwe la kwenda polepole, liwe la kirusi, alipewa dawa moja: ipigwe Window. Maana yake ni kwamba kila kilichomo kifutwe, mfumo endeshi upandishwe upya, na mwenyewe arudi nyumbani na kompyuta iwakayo vizuri isiyo na hata herufi moja aliyopata kuiandika. Sisemi kwamba mafundi hao walikuwa watu wabaya. Walikuwa na wateja wengi, ijara ndogo na dawa moja ambayo mara nyingi iliiwasha mashine, na mteja naye alifurahi kwa saa ile, mpaka alipoketi kutafuta hesabu zake za mwaka. Huzuni hiyo niliiona kwenye nyuso za watu wengi, na ndiyo iliyonifanya nitafute njia nyingine.

Njia hiyo ilikuja ndani ya bahasha. Tangu mwaka 2005 hadi 2011 kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, iliendesha mradi uitwao ShipIt wa kuwapelekea watu wa dunia nzima CD za mfumo endeshi wa Ubuntu pasipo malipo, hata gharama ya posta ikilipwa na wao. Mtu alijaza jina na anwani yake ya sanduku la posta, akangoja. Kwa wakazi wa miji mikubwa jambo hilo pengine lilikuwa hisani ndogo, lakini kwetu lilikuwa mlango pekee. Nyaya za baharini za SEACOM zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 tu, na kabla ya hapo intaneti ya nchi nzima ilitegemea setilaiti; kwa simu ya mkononi iliyokuwa ikishika kilobiti 40 kwa sekunde pale mtandao ulipopata rehema, CD moja ya megabaiti 700 ingetaka takriban saa 39 za kupakua bila mkatiko, na hapakuwa na jenereta ya kuvumilia hayo. Nilipoifungua bahasha ile, mwaka 2008, niliyakuta ndani yake maneno ya kuniruhusu, bali kunihimiza, niinakili CD na kumpa yeyote niliyemtaka.

Yafaa nieleze kwa utaratibu CD ya namna hii inafanya nini, maana wengi huidhania kuwa ni uganga. Kompyuta inapowashwa, kabla ya Windows wala mfumo mwingine wowote kuamka, huamka kwanza programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya ubao wake mkuu, iitwayo BIOS, ambayo kazi yake ni kuvikagua viungo vya mashine na kisha kutafuta mahali penye mfumo wa kuukabidhi madaraka. Kwa kawaida huutafuta katika diski kuu; lakini mtu akibonyeza F12 au F2 au Delete, kwa kadiri ya alivyopenda mtengenezaji wa mashine, anaweza kuiamuru itafute kwanza katika CD. Hapo mfumo hupandishwa kidogo kidogo, kadiri unavyohitajiwa, kutoka kwenye CD hadi kwenye kumbukumbu ya muda, ile iitwayo RAM, na kompyuta ikafanya kazi zake zote, ya kuandika, ya kuonyesha picha, ya kunakili mafaili, ilhali diski kuu imelala, haikuandikwa hata nukta. Chochote kifanyikacho hukaa ndani ya kumbukumbu ile ya muda, na mashine ikizimwa hutoweka pasipo kuacha athari. Mfumo wenyewe ni Linux, ambayo kiini chake kilianza kuandikwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991. Na aliyeitia nguvu kuliko wengine fikra ya kuuendesha mfumo huo kutoka kwenye CD ni Mjerumani Klaus Knopper, ambaye mwaka 2000 alitoa Knoppix, akizikandamiza gigabaiti zipatazo mbili za programu zikaenea ndani ya CD moja, zikawa zikikunjuliwa kipande kwa kipande kadiri zilivyohitajiwa.

Faida ya mpango huu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza. Kompyuta yenye kirusi, ukiiuliza kwa kutumia mfumo wake yenyewe kama ina kirusi, inaweza kukujibu kuwa haina, kwa kuwa kirusi ndicho kinachojibu. Yenye faili lililofichwa itakuambia kuwa halipo, kwa kuwa imeamriwa iseme hivyo. Hakuna baraza la wazee, katika Ufipa wala kwingineko, linalomfanya mshitakiwa kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe, nasi mafundi tulikuwa tukifanya hivyo kila siku. CD ilituletea hakimu wa kutoka nje. Tena hakimu huyo alikuwa na unyenyekevu wake: katika orodha ya mambo iliyotokea kiooni mwanzo kabisa, chini ya lile la kuujaribu mfumo bila kusakinisha na lile la kuusakinisha, palikuwa na chaguo la kuikagua CD yenyewe kama ina kasoro, na chaguo la kuipima kumbukumbu ya mashine. Chombo kinachokuja kuhukumu vingine kikianza kwa kusema, nikagueni mimi kwanza, kinastahili kuaminiwa.

Kesi ya kwanza iliyonionyesha thamani ya mambo hayo ilikuwa ya kompyuta iliyokuwa na alama za mitihani za wanafunzi. Kila ilipowashwa, kioo kilibaki cheusi, na juu yake maneno machache meupe yaliyosema kwamba NTLDR haionekani. Karani aliyeitunza, mzee mwenye haiba na mwandiko mzuri, alisimama kando yangu ameikunja kofia yake mikononi.

“Mwalimu,” akasema, “mafundi wa mjini wametuma salamu kwamba ipigwe Window.”

“Na alama za watoto, mzee wangu?”

“Wamesema hizo zihesabiwe kuwa zimekwenda.”

Tuliiwasha kwa CD. Mtambo wa kusomea ulinguruma kwa muda mrefu, kwa sababu CD husomwa polepole kuliko diski kuu na mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Kisha ukaja uwanja wa rangi ya hudhurungi, tulivu, kana kwamba mashine haikupata kuwa na ila maishani mwake. Nikaifungua diski kuu kama mtu afunguavyo kabati, na ndani yake tukaziona folda zote mahali pake, ile ya kidato cha kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na mafaili ya alama yakifunguka moja baada ya jingine mbele ya macho ya mzee. Hatukutengeneza kitu kwanza. Tulinakili kila kitu kwenye flashi, tukaitoa flashi, tukaiingiza tena na kuyafungua mafaili kutoka humo ili tuhakikishe kwamba nakala ni nakala kweli, na ndipo tulipouliza ugonjwa ulikuwa nini. Juu kabisa ya diski, mahali ambapo Windows XP huweka mafaili yake ya kuamkia, tuliyaona boot.ini na NTDETECT.COM, lakini NTLDR, faili dogo lisilofika kilobaiti 300, halikuwapo. Mzee akakumbuka kwamba siku moja kabla yake kijana mmoja alikuwa akiisafisha diski ili apate nafasi ya kuweka muziki. Tulilitwaa faili hilo kutoka kompyuta nyingine yenye XP kama ile, tukaliweka mahali pake, tukaitoa CD, na mashine ikawaka. Tofauti baina ya kupoteza kazi ya mwaka mzima na kutopoteza lolote ilikuwa faili moja dogo, na macho ya kuliona kuwa halipo.

Ningekuwa nimejifunza nusu tu ya somo lau kila ugonjwa ungekuwa wa programu. Kiangazi katika nyanda zile ni msimu wa upepo, na vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Kompyuta moja ya ofisini ilikuwa na tabia ya kuzimika ghafla, mara ikiandika, mara ikichapa, na kila ilipozimika ilionyesha kioo cha buluu chenye maneno tofauti na yale ya jana yake. Ilikwisha kupigwa Window na ugonjwa ukarudi pamoja nayo. Palipo na lawama inayohamahama hivyo, si insafu kuishutumu programu kabla ya kuvipima viungo. Tulichagua katika orodha ya CD lile la kuipima kumbukumbu, na programu iitwayo Memtest86+ ikaanza kuandika na kusoma, kuandika na kusoma, ikilinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa; na kabla haijafika mbali, mistari myekundu ikaanza kumiminika, kila mmoja ukiitaja anwani ya mahali palipotiwa neno moja pakarudisha jingine.

Tuliizima, tukachomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wake, tukaichomoa kadi ya kumbukumbu. Meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa utando mwembamba wa uchafu. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alitoa ufutio wake mfukoni, ule wa kufutia penseli, na kwa subira akayasugua meno yale upande mmoja kisha upande wa pili, akiishika kadi kwa kingo zake tu kama nilivyomwelekeza, mpaka dhahabu ikarudi kung'aa. Akayapangusa kwa kitambaa kikavu, akaipuliza nafasi yake, akairudisha mpaka vibano viwili vya pembeni vikajifunga vyenyewe. Kipimo kiliporudiwa, hakuna mstari mwekundu uliotokea usiku ule. Dawa yote ilikuwa ufutio wa mtoto, lakini asiyejua kulitenga la chuma na la programu angepiga Window mara kumi zaidi na kuondoka akisema kwamba mashine ina mkosi.

Ama kuhusu virusi vya flashi, sidhani kama kuna mwalimu wa miaka ile asiyevikumbuka. Flashi iliyochomekwa katika kompyuta ya mahali pa kuchapia nyaraka mjini ilirudi kijijini na folda zake zimegeuka kuwa alama za njia ya mkato, ama zimetoweka kabisa, na mwenye flashi, akidhani kwamba anafungua kazi yake, akawa anaifungua programu ya kirusi na kuitia katika kompyuta nyingine. Virusi hivyo vilizitia folda halisi alama ya kufichwa, na Windows kwa utii ikaacha kuzionyesha. Linux haikuwa na utii huo, wala programu zile zilizoandikiwa Windows hazikuweza kutembea ndani yake. Kwa hiyo flashi ikichomekwa katika mashine iliyowashwa kwa CD, vyote vilionekana pamoja, folda halisi kandokando ya vivuli vyake, na lile faili la autorun.inf lililokuwa likitoa amri kisirisiri. Wanafunzi wangu waliyafuta mafaili ya ulaghai kwa mikono yao wakiyajua kwa majina, na kwa kuyajua wakaacha kuyaogopa. Maana walikuwa wamezoea kusikia kirusi kikizungumzwa kwa sauti ile ile inayozungumziwa husuda na uchawi, kama jambo lisilo na umbo wala sababu, na siku hiyo waliliona umbo lake, jina lake na ukubwa wake kwa kilobaiti.

Kazi iliyonifunza subira kuliko zote ilikuwa ya vitabu vya ubatizo. Wamisionari wa Afrika, tuwaitao Mapadri Weupe, ambao mwaka 1885 walikishika kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika na kutoka upande ule wakaenea katika nchi yetu, waliacha desturi ya kuandika kila jina la aliyebatizwa, la wazazi wake na la msimamizi wake, na vitabu hivyo kwa familia nyingi ndiyo nasaba pekee iliyoandikwa. Kijana mmoja wa parokia alijitolea kuyahamishia majina hayo katika kompyuta, na alikuwa amefika mbali sana siku diski ilipoanza kutoa sauti ya kugonga, tak, tak, tak, kama ukucha juu ya meza, na mashine ikawa haimalizi kuwaka.

Diski inayogonga hivyo aghalabu kichwa chake cha kusomea kimeanza kushindwa, na kila dakika inayozungushwa huikaribisha kwenye mwisho wake. Kuiamuru ijikague na kujirekebisha, kama mafundi wengi wafanyavyo, ni kuimalizia nguvu iliyobaki katika kazi isiyo na faida kwa mwenyewe. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alikuwa ameniletea CD nyingine ya namna ile, SystemRescueCd, iliyokusanya zana za uokoaji, na miongoni mwake programu iitwayo ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz. Mwenendo wa programu hiyo umejaa busara. Hupita kwanza juu ya diski nzima ikitwaa kwa haraka yale yasomekayo kwa wepesi, na kila inapofika mahali pagumu haibishani napo, bali huandika katika daftari lake kwamba hapa nitarudi, ikaruka. Na baada ya kuyatia mikononi yote yaliyo rahisi, ndipo inaporudi kwenye magumu, ikiyamega kwa vipande vidogo na kuyajaribu tena. Kwa kuwa daftari hilo huhifadhiwa kando, jenereta yetu ilipozimwa usiku kazi haikupotea. Jioni ya pili ilianza pale pale ilipoachia, na ya tatu vivyo hivyo, mpaka nakala ya diski nzima ikakaa katika diski nyingine yenye siha.

Kijana yule, kwa uchungu wake, alitaka tuanze na kurasa zake za mwisho, zilizokuwa mahali pabovu kuliko pote. Nilimkumbusha kwamba mwenye pupa hadiriki kula tamu. Tuliiacha diski mgonjwa ipumzike kabisa, tukafanya kazi juu ya nakala tu, tukitumia TestDisk na PhotoRec, zana za Mfaransa Christophe Grenier, na ile ya pili, ambayo huyatambua mafaili kwa umbile la mwanzo wake na si kwa majina yake, ilituletea rundo la mafaili yenye nambari badala ya majina, ambayo tuliyafungua moja moja na kuyapanga. Sehemu kubwa ya majina ilirudi. Sehemu haikurudi, nayo iliandikwa upya kutoka kwenye vitabu vyenyewe, kwa sababu Padri alikuwa amekataa vitabu vile visiondolewe kabatini kwa hoja kwamba sasa viko katika kompyuta. Nilimheshimu sana kwa kukataa huko. Wino wa watu waliokwisha kufa ulikuwa unasomeka, na chombo cha jana yake kilikuwa kinagonga. Ni kweli kwamba chombo kipya ni neema, lakini kile cha zamani hakiachishwi kazi mpaka kipya kithibitishe uaminifu wake, na baada ya kuthibitisha, bado akiba haiozi.

Sina budi kulitaja pia jambo moja la hatari, maana sifa bila tahadhari ni nusu ya ukweli. CD inayoweza kuiokoa amana yaweza pia kuiiba. Nywila ya Windows, ambayo watu wengi huitegemea kama kufuli, haimzuii aliyeiwasha mashine kutoka nje. Barua za mkuu, mitihani iliyotungwa, majina ya wagonjwa wa zahanati, yote humfungukia sawasawa na yanavyomfungukia mwenyewe. Kwa hiyo tuliweka kanuni katika kikundi chetu cha shule cha kutengeneza kompyuta, na wanafunzi waliishika kwa taadhima: mashine haifunguliwi pasipo mwenyewe kuwapo au kutoa ruhusa, faili halisomwi zaidi ya kiasi cha kuhakikisha kwamba limeokoka, na nakala haibaki mikononi mwa fundi baada ya kukabidhiwa mwenyewe. Baadaye nchi iliyatungia sheria mambo hayo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini fundi anayengoja sheria ndipo awe mwaminifu hafai kukabidhiwa bisibisi.

Nyakati zimebadilika tangu hapo. Kompyuta mpakato nyingi hazina tena mahali pa kuingizia CD, na mfumo huo huo sasa huwekwa katika flashi ndogo, tena flashi moja kwa kutumia Ventoy huweza kubeba mifumo mingi pamoja. BIOS ya kale imerithiwa na UEFI, ambayo yaweza kukataa kuwasha mfumo usio na saini inayoitambua. Na katika mashine nyingi mpya diski imefumbwa kwa BitLocker, hata aliyeingia kutoka nje bila ufunguo wake wa tarakimu 48 haoni ila mchanganyiko usio na maana. Hili la mwisho ni kinga njema dhidi ya mwizi, walakini linamtaka mwenye mashine auandike ufunguo wake na kuuhifadhi mahali salama kabla ya maafa, kwani wakati wa maafa umechelewa. Kadhalika, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 mwezi wa Oktoba 2025, kompyuta nyingi nzima za shule zetu zilihesabiwa kuwa zimepitwa na wakati ilhali viungo vyake vina nguvu. Nazo flashi ya kuwashia huweza kuzijaribu kwa Linux pasipo gharama na pasipo kugusa kilichomo, mwalimu akaona kwa macho yake kama mashine inafaa, ndipo aamue. Ugeni wa mfumo wenyewe nao si ukuta: tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huru za ofisi zilizozungumza Kiswahili, na hilo latosha kuonyesha kwamba maarifa haya hayana kabila.

Yaliyobadilika ni vyombo. Utaratibu haukubadilika, nami nimeuona ukifaa hata pasipo kompyuta. Nilipokuwa mlezi wa nidhamu nilijizoeza kuisikia habari ya mwanafunzi kutoka kwa asiyehusika kabla ya kumwuliza anayehusika. Nilipopewa kuongoza chama cha ushirika kilichokuwa kimevurugika, jambo la kwanza lilikuwa kuzihesabu na kuzifungia fedha na stakabadhi za wanachama, na la kumtafuta mkosaji likafuata. Na kila nilipoona mtu akikimbilia kubomoa na kuanza upya, nilimwomba kwanza atenge kilicho kizima na kilicho kibovu, kwa kuwa aghalabu kibovu ni kidogo kuliko hasira yetu juu yake.

Kwa hiyo nasaha yangu kwa mkuu wa shule, kwa paroko, kwa mganga wa zahanati na kwa kila aliyekabidhiwa kumbukumbu za watu ni hii: kabla hujanunua kompyuta ya pili, nunua diski ya pili ya kuhifadhia nakala, mpe kijana mmoja mwaminifu flashi ya kuwashia na umwache ajizoeze wakati wa salama, naye akisha kujua, umwamuru awafundishe wengine wawili na kuwagawia nakala bure, kama sisi tulivyogawiwa bure. Na kabla hujamruhusu fundi yeyote aiguse mashine, mwulize swali moja tu: vilivyomo umekwisha kuviokoa? Akijibu ndiyo, mwambie akuonyeshe nakala, kisha aendelee na kazi yake kwa amani. Akijibu la, irudishe mashine kabatini, na umtafute fundi mwingine.